Presha 140 au 130? Madokta wawili, majibu mawili, na wote wanafata mwongozo

Hili swali haliishi kwenye magrupu ya WhatsApp ya familia. Mtu kapima presha zahanati ya mtaani kaambiwa iko juu aanze dawa leo leo, kesho yake kaenda hospitali kubwa kaambiwa hapana mama tulia urudi baada ya wiki upimwe tena, alafu shemeji yake aliye Marekani kapiga simu anasema huko kwao 132 tayari ni presha. Sasa nani anamdanganya mwenzie? Jibu ambalo watu hawalipendi ni kwamba wote watatu wanaweza kuwa sahihi, na ukishajua mwongozo wa presha unavyofanya kazi hata ugomvi wenyewe unapungua sana.

Kwanza tuelewane huyo dokta anayekutibu presha, yaani daktari wa familia, ni nani kwetu. Hapa Dodoma ni wachache sana wenye dokta mmoja anayewajua toka utotoni mpaka na wajukuu zao kama ilivyo Uingereza. Daktari wa familia wa mtu wa Nkuhungu, Chang'ombe au kule Bahi ni yule tabibu wa zahanati, au dokta wa OPD (wagonjwa wa nje) kituo cha afya, ambaye leo ni huyu na mwezi ujao ukirudi unakuta mwingine. Hilo lishike maana tutalirudia, ndo chanzo cha nusu ya matatizo yote.

Huyo dokta anafata nini? Kwa Tanzania Bara kuna kitabu cha Wizara ya Afya, mwongozo wa matibabu pamoja na orodha ya taifa ya dawa muhimu, toleo la 2021, kinachoeleza ugonjwa kwa ugonjwa nini kifanyike. Na kila dawa kwenye ile orodha imewekewa herufi, A ni ya kuanzia zahanati, B kituo cha afya, inapanda hivyo mpaka S ya hospitali za kibingwa. Kwahiyo tabibu wa zahanati anaweza kabisa kuijua dawa fulani na faida zake lakini kwa ngazi yake hairuhusiwi kukaa kabatini, na bima nazo zinaangalia orodha hiyohiyo. Ukiona umeandikiwa dawa moja zahanati ukabadilishiwa ulipofika hospitali ya rufaa usikimbilie kusema yule wa kwanza hajui kazi.

Nyuma ya vitabu vya nchi kuna mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, WHO, wa 2021 kuhusu dawa za presha. Kuna kitu kimoja ndani yake wengi hawakijui, kwamba mapendekezo hayana uzito sawa. Kuna yenye nguvu, yaani ushahidi ni mzito na karibu kila mgonjwa atafaidika, na kuna ya masharti, yaani inategemea mgonjwa ni nani na mazingira yakoje. Anza dawa kwa mtu yeyote mzima ambaye presha yake imethibitika namba ya juu ni 140 au namba ya chini ni 90 kwenda mbele, hilo lina nguvu. Anza dawa kwa mtu mwenye 130 mpaka 139 juu ambaye tayari ana ugonjwa wa moyo au aliwahi kupata kiharusi, hilo nalo lina nguvu. Lakini ikiwa mtu ana hiyo 130 na kitu, moyo mzima, ila ana kisukari au figo zina shida au hatari yake ya moyo kwa ujumla ni kubwa, hapo pendekezo ni la masharti. Maana yake dokta anaruhusiwa kufikiri, na mwingine akifikiri tofauti na mwenzie hakuna aliyevunja mwongozo.

Na Marekani? Wao 2017 vyama vyao vya madaktari wa moyo vilishusha mstari, wakasema presha inaanzia 130 juu au 80 chini, na kwa usiku mmoja mamilioni ya watu waliolala wazima wakaamka wagonjwa. Ila hata wao hawakusema kila mwenye 132 ameze dawa, walisema ambaye hatari yake ni ndogo aanze na chakula na mazoezi. Sehemu kubwa ya hoja yao ilitoka kwenye utafiti unaoitwa SPRINT, wa 2015, watu zaidi ya 9,300, waliogawanywa kundi moja lishushwe chini ya 140 na lingine chini ya 120, na kundi la 120 likapata matatizo machache ya moyo na vifo vichache. Sasa hapa pana ujanja mmoja. Kwenye SPRINT sehemu nyingi mgonjwa alikaa peke yake chumba kimetulia, mashine inajipimia yenyewe mara tatu, na upimaji wa namna hiyo kawaida unatoa namba za chini kuliko ule wa kliniki yenye foleni. Alafu wenye kisukari na waliowahi kupata kiharusi hawakuingizwa kabisa. Kwahiyo ukiichukua ile 120 ukaibandika juu ya mgonjwa aliyepimwa kwenye korido ya OPD saa nne asubuhi unakuwa unalinganisha vitu viwili tofauti.

Kwa maoni yangu huu ubishi wa 130 na 140 unakula muda mwingi kuliko unavyostahili, hasa kwetu. Dunia nzima WHO inakadiria watu wazima kama bilioni 1.4 wa miaka 30 mpaka 79 wana presha, karibu nusu yao hawajui, na wale ambao presha yao imedhibitiwa ni kama mmoja kati ya watano tu. Yaani tunabishana kuhusu mtu wa 134 wakati mwenye 170 hajawahi kufungwa mkanda mkononi. Sehemu za mwongozo ambazo hakuna anayezibishia, kupima vizuri na kufatilia mgonjwa, ndizo zinazovunjika kila siku.

Tuchukue mfano, mama wa kufikirika tu, tumwite Mama Yohana, miaka 52, anauza karanga na mlenda mkavu soko la Majengo. Kaamka alfajiri, kafungasha mzigo, kapanda bodaboda mpaka kituo cha afya, kapanga foleni, mkojo umembana ila anaogopa kutoka asije akapoteza nafasi. Mwezi wa saba, upepo wa Dodoma mnaujua, kwahiyo ana sweta na chini yake blauzi. Nesi anamwita, anakaa kwenye stuli isiyo na mgongo, miguu kaikunja, mkanda unafungwa juu ya sweta, na wakati mashine inajaza upepo nesi anamuuliza mama unaitwa nani unatokea wapi na yeye anajibu. Inasoma 158 kwa 96.

Hesabu makosa yaliyopo hapo. Mwongozo wowote utakaoufungua, wa WHO, wa Ulaya, wa Uingereza, unasema mtu apumzike kama dakika tano amekaa kwenye kiti chenye mgongo, miguu chini haijapishana, mkono uwe wazi na uegemee meza usawa wa moyo, kibofu kitupu, asiwe amekunywa kahawa au kuvuta sigara nusu saa iliyopita, na wakati wa kupima kimya, mpimaji na mpimwaji wote. Mkanda utoshe mkono, maana mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha namba bila presha kupanda. Alafu upime zaidi ya mara moja, mapumziko ya dakika katikati, na siku ya kwanza mikono yote miwili, ule wenye namba kubwa ndo utumike siku zote. Kila kosa kwenye ile orodha ya Mama Yohana linaongeza namba kidogo kidogo, yakijumlika yanatosha kabisa kumfanya mtu mzima aonekane mgonjwa.

Ndo maana yule dokta wa hospitali kubwa tuliyeanza naye alimwambia mgonjwa arudi. Presha inathibitishwa kwa vipimo vya siku tofauti, isipokuwa iwe juu sana, kama 180 kwa 110, na mgonjwa tayari ana dalili za moyo au mishipa kuharibika. Waingereza toka mwongozo wao wa 2011 wamefika mbali zaidi, mtu akikutwa na 140 kliniki wanataka avae mashine ya masaa 24 au ajipime nyumbani kabla hajaitwa mgonjwa, na nyumbani mstari unashuka unakuwa 135 kwa 85 sababu mtu akiwa kwake ametulia. Wapo watu ambao wakiona koti jeupe tu presha inapanda, wakirudi nyumbani iko sawa, na wapo kinyume chake ambao kliniki inasoma vizuri huku nyumbani inawala taratibu. Hao wa pili ndo wananitisha mimi.

Kama una uwezo nunua mashine ya mkono wa juu, ya kifundo cha mkono achana nayo. Pima asubuhi mara mbili na jioni mara mbili kwa siku saba, siku ya kwanza itupe, zilizobaki toa wastani, andika kwenye daftari lako la hospitali. Dokta ukimpelekea hiyo karatasi umempa kitu ambacho foleni yake haiwezi kumpa.

Kuna jambo la haraka niliseme hapa. Namba kubwa peke yake siyo dharura. Mtu ana 190 kwa 115, hana maumivu ya kifua, hajakosa pumzi, hajachanganyikiwa, hajaishiwa nguvu upande mmoja, haoni giza, huyo anatakiwa aanzishiwe au aongezewe dawa za kumeza na aonwe tena ndani ya siku chache, ishuke taratibu. Ule mtindo wa zamani wa kupasua kidonge cha nifedipini ya haraka kuweka chini ya ulimi ili namba ishuke mbele ya macho ya ndugu, miongozo iliukataa kitambo, maana ukiiporomosha presha ghafla ubongo na moyo vinakosa damu na unaweza kumsababishia kiharusi kilekile ulichokuwa unakikimbia. Lakini akiwa na mojawapo ya hizo dalili hapo msingoje asubuhi, ni hospitali muda huohuo.

Turudi kwa Mama Yohana. Karudi wiki inayofuata kapimwa vizuri, 148 kwa 94, na nyumbani kwa jirani yake wastani 141 kwa 89. Imethibitika. Sasa vipimo, mwongozo unataka sukari, krietinini ya kuangalia figo, chumvichumvi za damu, mafuta ya damu, mkojo, na kipimo cha umeme wa moyo kama kipo. Watu wengi wanadhani bila hivyo vyote dawa haianzi, na wengine wanarudi nyumbani wakatafute hela ya maabara hawaonekani tena mpaka mwaka upite. WHO wamelisema wazi, kama vipimo havipo usicheleweshe dawa, fanya vinavyowezekana, vingine vitakuja. Kipimo cha kuchovya kijiti kwenye mkojo ni bei ndogo na kinaonesha kama figo zinavujisha protini, ukiambiwa ukojoe kwenye kikopo usione wanakusumbua.

Dawa gani? Makundi ya kuanzia ni matatu. Zile za kupunguza maji na chumvi kama haidroklorothiazaidi na bendrofluazaidi, zile za kulegeza mishipa za ukoo wa amlodipini, na zile zinazozuia homoni ya figo inayobana mishipa, ambazo zina matawi mawili, kina kaptopili na lisinoprili upande mmoja, kina losatani upande mwingine. Atenolo na wenzake, ambazo wazee wetu wengi walianzia nazo, siku hizi siyo chaguo la kwanza mpaka uwe na sababu nyingine ya moyo. Mzee anayetumia atenolo toka zamani asiikate ghafla eti kasoma mahali, kuikata ghafla kuna hatari yake.

Sasa mbona Mama Yohana kapewa amlodipini na jirani yake kapewa losatani? Kwa watu weusi tafiti zinaonesha lisinoprili na ndugu zake zikitumika peke yake zinashusha kidogo kuliko hizo nyingine, utafiti mkubwa wa Marekani uitwao ALLHAT wa 2002 ulionesha hivyo, na hata kiharusi kilitokea zaidi kwa weusi waliopewa lisinoprili kuliko waliopewa dawa ya maji. Alafu 2019 ukatoka mmoja wa kwetu Afrika, CREOLE, wagonjwa 728 kutoka nchi sita, Kenya na Uganda zikiwemo, sisi hatukuwemo, ukalinganisha dawa mbilimbili, ikaonekana ukichanganya amlodipini na dawa ya maji, au amlodipini na perindoprili, inashusha vizuri kuliko mchanganyiko usio na amlodipini. Ndo maana ile amlodipini mnaiona kila mahali, siyo kwamba madokta hawana mawazo mengine.

Ila jirani ana kisukari na mkojo wake una protini, hapo losatani inalinda figo, kwahiyo inaingia bila mjadala. Angekuwa msichana anayetegemea kupata mimba, losatani na lisinoprili zinapigwa marufuku kabisa maana zinaharibu mtoto tumboni, angepewa methildopa au nifedipini ile ya taratibu. Lisinoprili ikimletea mtu kikohozi kikavu kisichoisha (na wapo waliopimwa TB mara mbili kumbe ni kidonge) anahamishiwa losatani. Midomo au ulimi ukivimba ni kuacha palepale na kukimbia hospitali, na hili linatutokea sisi weusi zaidi. Amlodipini nayo inavimbisha vifundo vya miguu, hasa dozi ikiwa kubwa. Siyo figo zimekufa kama wanavyoambiana sokoni, ila mwambie dokta.

Kumbe kuchagua dawa siyo kazi ngumu sana. Kazi ipo mwezi wa pili. WHO wanasema ukishaanza au kubadilisha dawa mgonjwa aonwe kila mwezi mpaka afike lengo, chini ya 140 kwa 90 kwa wengi, chini ya 130 ya juu kwa wenye ugonjwa wa moyo, akishafika ndo kila miezi mitatu mpaka sita. Na kila akija hajafika lengo, kitu kibadilike. Mama Yohana anarudi na 146 kwa 90. Kwenye karatasi jibu ni jepesi, ongeza dawa ya pili. Tena kuongeza kidogo cha aina ya pili kunashusha zaidi kuliko kuidabo ileile ya kwanza, na madhara yanakuwa machache, ndo maana siku hizi miongozo inapenda dawa mbili ndani ya kidonge kimoja pale zinapopatikana.

Kinachotokea kweli ni "endelea na dozi ileile, uonekane mwezi ujao." Mwezi ujao tena hivyohivyo. Watafiti wamelichunguza hili dunia nzima, hata nchi tajiri lipo, dokta anaona namba haijafika na hagusi kitu. Na siyo uvivu mara zote. Dokta anamuuliza, mama dawa unakunywa? Anasema nakunywa dokta, ila jana sikunywa, na juzi ziliisha duka la dawa wakaniambia nije Ijumaa. Sasa dokta aongeze dawa juu ya dawa isiyonywewa? Au hii 146 ni ya foleni tu? Na yeye ni mara ya kwanza kumuona huyu mama, daftari la zamani limejaa mama akanunua jipya, hajui mwezi uliopita ilikuwa ngapi. Akiwa na wagonjwa arobaini nje mlangoni anachagua njia salama, ambayo kwa kweli siyo salama, ni ya kimya tu. Ungekuwa na dokta mmoja anayekujua hili lingepungua sana, na ndo maana mimi nasema daftari lenye namba zote, tarehe, majina ya dawa na siku ulizoruka, ukweli mtupu, ni sehemu ya matibabu kabisa. Hama nalo toka la zamani kwenda jipya, nakili ukurasa wa mwisho.

Na kama dawa zimekushinda bei sema. Dokta akijua hela ndo tatizo anaweza kukupa ya bei nafuu inayofanya kazi nzuri tu, zote hizi zina aina za bei ya chini. Akiona umenyamaza atadhani dawa imeshindwa kazi.

Chakula mwongozo unakiweka mwanzo na kinabaki hata ukiwa kwenye dawa nne. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku nzima, ikiwemo ile ya mchuzi, ya karanga na ya chipsi. Huku kwetu kuna mlango wa siri, magadi. Mlenda wa Kigogo unawekewa magadi ulainike, na magadi ni sodiamu vilevile, mtu anajisifu ameacha chumvi huku kila jioni magadi yanaingia sufuriani. Mlenda wenyewe hauna kosa. Punguza magadi, pika muda mrefu kidogo. Mlango mwingine wa siri ni dawa za maumivu, diklofenaki na ibuprofeni, mkulima wa zabibu anayeinama kutwa anazimeza kila siku kwa ajili ya mgongo, zinapandisha presha na kudhoofisha nguvu za losatani na dawa ya maji, na kwa figo ni mchanganyiko mbaya. Hazimo kwenye daftari kwasababu alinunua mwenyewe dukani, kwahiyo dokta anaongeza vidonge vya presha kumbe adui yuko mfukoni.

Mwisho wazee, maana hapa ndo ndugu wanagombana na madokta sana. Kuna utafiti wa 2008, HYVET, watu 3,845 wa miaka 80 kwenda juu, ulionesha kutibu presha kwa umri huo kunapunguza vifo na kiharusi, kwahiyo ile kauli ya mwacheni mzee apumzike na vidonge haina msingi. Lakini lengo lao lilikuwa 150 kwa 80, siyo 120, na waliochaguliwa walikuwa wazee wenye afya nzuri kiasi. Babu wa Kongwa wa miaka 84 aliyedhoofu, akisimama anaona kizunguzungu, ameshaanguka mara moja njiani kwenda chooni, huyo dokta anatakiwa ampime amekaa na amesimama, na akikuta ya kusimama inashuka sana anaweza kupunguza dawa badala ya kuongeza, na ya kukaa akaiacha kwenye 148. Ndugu wa mjini wakipiga simu kulalamika mbona mzee hajaongezewa dozi, waulizwe kwanza kama kuna aliyempima akiwa amesimama.